Virusi Vimekwisha, Mbona Mwili Bado?

Kadi yenyewe ni ya plastiki, inaenea kiganjani. Unachomwa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kishimo, linafuatishwa na matone ya dawa ya kipimo, kisha mnakaa kutazamana na mpimaji kwa dakika kama 20. Mstari mmoja, huna. Mistari miwili, unayo. Sasa mfikirie mtu aliyekwisha kumeza vidonge vya homa ya ini C kwa wiki 12, akapimwa na kuambiwa amepona, halafu miaka miwili baadaye anapita kwenye banda la kupima afya bure pale viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, wakati wa maonyesho ya wakulima ya Nane Nane. Mistari miwili.

Mtu huyu nimemtunga. Tuseme ni fundi gari wa Uyole, miaka 52, aliyejigundua siku alipokwenda kumtolea damu shemeji yake. Maswali yake, hata hivyo, si ya kutunga. Je, nilidanganywa? Mbona bado nachoka kama zamani? Na kama kweli nimepona, kwa nini daktari anataka nirudi kupigwa picha ya tumbo kila miezi sita? Kila swali lina jibu lake. Shida huanza pale yote matatu yanapofungwa furushi moja, mtu akaondoka akiamini kwamba dawa haikufanya kazi, au kwamba dawa ndiyo iliyomharibu.

Tuanze na kadi. Kadi ile haitafuti kirusi. Inatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwatengeneza siku ulipovamiwa. Vita vikiisha, askari hawarudi wote nyumbani. Wengi hubaki kwenye damu kwa miaka mingi, pengine maisha yote. Tazama bega la Mtanzania yeyote aliyechanjwa BCG utotoni. Kovu lipo, na hakuna anayelitazama akasema huyu ana kifua kikuu. Mstari wa pili kwa mtu aliyetibiwa ni kovu la namna hiyo. Hata watu ambao hawajawahi kumeza kidonge wanaweza kuwa nalo, kwa sababu takriban watu 30 katika kila 100 wanaoambukizwa homa ya ini C huitoa wenyewe ndani ya miezi sita bila kujua kama iliwahi kuingia.

Kinachojibu swali la fundi wetu ni kipimo kingine, kile cha kutafuta na kuhesabu virusi vyenyewe kwenye damu. Ni kipimo cha wingi wa virusi, na huku kwetu jina hilo halihitaji maelezo, kwani ni ndugu wa kile wanachopimwa watu wanaotumia ARV. Mashine ileile ya GeneXpert inayopima makohozi ya kifua kikuu inaweza kufanya kazi hiyo ikiwekewa katriji yake. Kanuni inayokubalika duniani ni hii: ukipimwa wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho na virusi visionekane, umepona. Hakuna haja ya kusubiri miaka mitano ndipo uamini. Kwa hiyo mtu aliyepona asipimwe tena kwa kadi, maana kadi itamwambia jambo analolijua tayari. Akitaka uhakika apime virusi. Na kwa sababu hiyohiyo ya kingamwili, damu yake itaendelea kukataliwa kwenye benki ya damu. Mpango wa Taifa wa Damu Salama huipima kila chupa kwa VVU, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende. Chupa yenye kingamwili huwekwa kando, iwe ya mgonjwa au ya aliyepona. Inauma, hasa kwa mtu aliyezoea kuchangia, lakini haina maana kwamba anaumwa.

Hapa kuna fundo la pili, nalo ni la jina. Tunasema "homa ya ini" kana kwamba ni ugonjwa mmoja, wakati ni jamaa watano wasiofanana tabia. Mwenye homa ya ini B anaambiwa pengine atameza tenofoviri kwa miaka mingi, jirani yake mwenye C anaambiwa miezi mitatu tu. Wakikutana dukani kila mmoja anamwona mwenzake kadanganywa. Wote wawili wameambiwa ukweli. Kirusi cha B huacha mbegu ndani ya kiini cha seli ya ini, mahali ambapo dawa za leo hazifiki. VVU hufanya kubwa zaidi, kinajishonea kabisa kwenye vinasaba vya mtu. Kirusi cha C hakina maficho hayo. Kinaishi na kuzaliana nje ya kiini cha seli, kwa hiyo uzazi wake ukizuiwa kwa wiki za kutosha kinakwisha, na hakuna akiba iliyofichwa popote ya kuotea upya.

Nadhani ndiyo maana neno "umepona" ni gumu kulimeza katika mikoa yetu kuliko mahali pengine. Utafiti wa taifa wa VVU wa 2022–2023 uliikuta Njombe ikiongoza nchi kwa asilimia 12.7 ya watu wazima, Iringa ikifuata kwa 11.1, na Mbeya 9.6. Tumeishi na kirusi kinachofubazwa kwa zaidi ya miaka 20. Tumefundishana, na tumefundishana vizuri, kwamba virusi visipoonekana haimaanishi vimeondoka. Halafu anakuja mtu na ugonjwa mwingine wa virusi anasema vimeondoka kweli. Lazima tumtilie shaka. Lakini safari hii anasema kweli: vidonge vya kisasa, kama sofosbuviri ikiambatana na daklatasviri au velpatasviri, huponya zaidi ya watu 95 katika 100. Kirusi chenyewe kiligunduliwa mwaka 1989 tu; waliofungua njia hiyo, Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice, walipewa Nobel ya tiba mwaka 2020. Kutoka kutokuwa na jina hadi kuponyeka ni kama miaka 25. Sijui ugonjwa mwingine mkubwa wa virusi uliopata bahati hiyo.

Basi virusi vimekwisha. Tuingie kwenye ini lenyewe, maana hapo ndipo penye uzito.

Waswahili wamelipa ini kazi nzito ya kuhisi. Neno kali "linakata maini". Ajabu ni kwamba ini lenyewe halihisi karibu chochote. Maumivu huanza pale tu ngozi nyembamba inayolifunika inapovutwa. Kwa hiyo mtu anaweza kukaa na kirusi cha C miaka 20 au 30 akilima, akibeba magunia, akizaa na kulea, bila ini kulalamika hata mara moja. Wengi wa waliofikia umri wa fundi wetu huenda waliambukizwa zamani, kwa sindano iliyorudiwa bila kuchemshwa sawasawa, au kwa damu iliyotiwa kabla kipimo hakijakuwepo. Miaka hiyo yote kirusi kinachokoza na ini linajishona, na kila mshono unaacha kovu. Madaktari huyapa makovu madaraja kutoka F0, ambapo hakuna kovu, hadi F4, ambapo ini limekwisha kusinyaa na kuwa vinundu. Kati ya watu 100 walioishi na kirusi bila tiba, 15 hadi 30 hufikia huko ndani ya miaka 20.

Wakulima wa viazi wa Uporoto na Njombe wanaujua ukungu. Ukiwahi kupiga dawa, ukungu unakoma, lakini jani lililokwisha kuungua halirudi kuwa kijani. Ndivyo dawa za homa ya ini C zilivyo. Zinazuia moto, hazizoi majivu. Hapa mfano wangu unafika kikomo, kwa sababu ini si jani la kiazi: kirusi kikiondoka, makovu mepesi hulainika, na hata baadhi ya maini yaliyofika F4 hurudi nyuma daraja moja au mawili. Ila ni kazi ya miaka, si ya miezi. Wengine kovu lao halisogei kabisa.

Kwa hiyo swali la maana kuliko "je, dawa imefanya kazi?" ni hili: ini lako lilikuwa daraja gani siku ulipomeza kidonge cha kwanza? Jibu lake ndilo linaloamua karibu kila kitu kinachofuata. Mtu aliyeanza na F0, F1 au F2, asiye na pombe nyingi, asiye na homa ya ini B, asiye na mafuta mengi kwenye ini, akipona anaweza kurudi maishani kama mtu mwingine yeyote. Hahitaji kliniki ya ini. Aliyeanza na F4 ni hadithi nyingine kabisa, ingawa wote wawili wamepewa karatasi ileile iliyoandikwa "virusi havionekani".

Daraja hilo hujulikanaje mahali ambapo mashine ya kupima ugumu wa ini haiko karibu? Kwa hesabu ya penseli. Kuna kipimo kiitwacho APRI kinachotumia vitu viwili ambavyo maabara nyingi za wilaya zinavyo: kimeng'enya cha ini kiitwacho AST, na idadi ya chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Unagawa AST ya mgonjwa kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara ile, unagawa tena kwa chembe sahani katika maelfu, unazidisha kwa 100. Tuseme fundi wetu alikuwa na AST 80, kiwango cha juu cha kawaida ni 40, na chembe sahani 90. Themanini kwa 40 ni 2. 2 kwa 90, mara 100, ni kama 2.2. Jibu likizidi 2, daktari anashuku sana kwamba ini limesinyaa. Chembe sahani zinashukaje kwa ugonjwa wa ini? Ini gumu huzuia damu kupita, damu inarudi nyuma hadi kwenye bandama, bandama inavimba na kuanza kuzihifadhi chembe hizo kama mlanguzi anavyoficha mahindi.

Kuna mtego hapa ambao huwapata hata watoa huduma. Baada ya kupona, namba hizi hupendeza. AST inashuka kwa sababu uvimbe umetulia, na hesabu ileile inayofanywa mwaka mmoja baadaye inaweza kutoa 0.8. Mtu anafurahi, anaambiwa ini limerudi, anafutwa kwenye orodha. Kilichopungua kwa haraka ni uvimbe. Kovu halikimbii hivyo. Namba ya kuamulia ni ya kabla ya tiba. Ndiyo maana nasema karatasi ya siku ya kwanza ina thamani kuliko ya siku ya mwisho, na ndiyo karatasi inayopotea kirahisi, ikibaki kwenye faili la hospitali moja wakati mtu amehamia mji mwingine.

Aliyeanza na ini lililosinyaa anabaki na mambo mawili ya kuangaliwa. Moja ni ile damu inayokosa njia. Inapotafuta mchepuko hujaza mishipa ya umio, njia ya chakula, na mishipa hiyo huvimba kama tairi la baiskeli lililochubuka. Siku ikipasuka, mtu hutapika damu nyingi ghafla, bila maumivu ya kumwonya. Vilevile choo cheusi kama lami ni damu iliyoshuka. Hiyo si hali ya kusubiri asubuhi wala basi la saa kumi na mbili. Kipimo chake ni kamera inayopitishwa mdomoni, na dawa za kushusha msukumo, kama propranololi au kavedilori, ni za zamani na za bei ya kawaida.

La pili ni saratani ya ini. Kutibu kirusi hupunguza hatari hiyo sana, kwa takriban asilimia 70, lakini hakuifuti kwa mtu mwenye ini lililosinyaa. Kwake inabaki kama mtu mmoja hadi wawili katika kila 100 kwa mwaka. Ukiisikia mara moja ni ndogo. Uijumlishe kwa miaka kumi, si ndogo tena. Ndiyo sababu ya utrasaundi kila miezi sita, mahali pengine pamoja na kipimo cha damu cha alfa-fetoprotini. Kivimbe kilichokutwa kikiwa chini ya sentimita tatu kinaweza kukatwa au kuunguzwa. Kilichokutwa baada ya tumbo kujaa maji na macho kuwa ya manjano, mara nyingi kinabaki kuombewa na kupunguziwa maumivu.

Mwaka 2016 kulizuka hofu kubwa baada ya watafiti wa Hispania kuripoti kwamba saratani ya ini ilionekana kurudi haraka kwa watu waliopewa vidonge vipya. Habari hiyo bado inazunguka kwenye simu za watu. Tafiti zilizofuata, zenye watu wengi zaidi, hazikuiunga mkono. Ule wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2019, uliofuatilia karibu watu 10,000, ulikuta waliotibiwa kwa vidonge hivyo wakifa kidogo na kupata saratani kidogo kuliko wasiotibiwa. Vidonge havileti saratani. Huileta lile kovu lililotangulia vidonge.

Nije kwenye uchovu, maana ndio unaowaleta watu wengi kliniki na ndio wanaojibiwa vibaya. Kwa wastani watu husema wanajisikia vizuri zaidi baada ya kupona: nguvu inaongezeka, usingizi unatulia, ukungu wa kichwani unapungua. Wastani huo unaficha watu wengi ambao hawaoni tofauti. Wanachoka, wanasahau walichokwenda kuchukua chumbani, viungo vinauma asubuhi. Wakilalamika wanaambiwa "lakini vipimo vyako vizuri", jibu ambalo ni kweli na halisaidii.

Uchovu wa namna hiyo hauna baba mmoja. Kuna wa ini lililosinyaa lenyewe. Kuna upungufu wa damu, kuna kisukari ambacho hakijajulikana, kuna tezi ya shingo iliyolegea, kuna kifua kikuu, na haya yote hupimika. Kuna sonona, ambayo huku tunaiita "mawazo" na kuiacha hapo. Kumbuka mtu huyu ameishi akiogopa kuambukiza wanawe kwa kijiko, ingawa homa ya ini C haiambukizi kwa chakula, kukumbatiana wala choo cha pamoja. Pengine ndoa ilitikisika kwa jambo lililoletwa na sindano ya mwaka 1985. Karatasi ya maabara haiyaondoi hayo. Aliyetibiwa zamani kwa sindano za intafaroni ana sababu yake ya ziada: dawa ile ilitolewa kwa miezi sita hadi mwaka, ilileta homa na sonona kali, na baadhi ya watu iliwaachia ugonjwa wa tezi wa kudumu. Vidonge vya leo ni vingine. Madhara yake ya kawaida ni kichwa kuuma, uchovu na kichefuchefu kidogo, na huisha pamoja na dozi. Watu husimuliana madhara ya intafaroni wakiyabandika kwenye vidonge, na hadithi hiyo inawatisha ambao bado hawajatibiwa.

Kuna jambo moja ambalo wakazi wa Makete na Njombe wana sababu ya kulijua kuliko watu wa Pwani. Kirusi cha C kikikaa mwilini muda mrefu huwachanganya askari wa damu, nao huanza kutengeneza protini zinazoganda zikikutana na baridi. Hujikusanya kwenye mishipa midogo, miguu ikatoka madoadoa ya zambarau, vidole vikafa ganzi, magoti yakauma, na figo zikaanza kupitisha protini au damu kwenye mkojo. Dawa ikiondoa kirusi, wengi hupata nafuu. Wengine protini hizo huendelea kutengenezwa, kwa sababu askari waliokwisha kuzoea makosa hawajui kwamba adui amekwenda. Kwa hiyo mtu aliyepona akiona madoa miguuni mwezi wa Juni au Julai, umande unapogeuka barafu shambani, asikubali kuambiwa ni baridi tu. Mkojo upimwe, shinikizo la damu lipimwe, figo ziangaliwe. Mkojo wenye povu lisilokatika ni dalili inayopuuzwa sana.

Mafuta na sukari nitayapitia haraka. Sukari kwa baadhi ya wenye kisukari hushuka baada ya kupona, ila si kwa wote, na mtu asiache dawa zake kwa kudhani kisukari kilikuwa cha kirusi. Lehemu kwenye damu mara nyingi hupanda, kwa kuwa kirusi kilikuwa kikiitumia kwa shughuli zake. Hamu ya kula inarudi, kilo zinaongezeka, na mafuta huingia kwenye ini. Vimeng'enya vya ini vikibaki juu ingawa virusi havipo, mafuta hayo na pombe ndivyo vya kushuku kwanza, pamoja na dawa nyingine anazokunywa.

Homa ya ini B ni ndugu asiyealikwa. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, na kirusi cha C mara nyingi humkandamiza mwenzake. Ukikiondoa C, B huamka, na safari hii anaweza kuliharibu ini kwa wiki chache. Ndiyo maana mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo zito kwenye vidonge hivi mwaka 2016. Nchini mwetu B ni ya kawaida kuliko C, na chanjo yake iliingia kwenye ratiba ya watoto mwaka 2002, kwa hiyo watu wazima wengi hawakuipata. Kama hukupimwa B kabla ya kuanza tiba ya C, pimwa sasa. Ukiwa huna, chanjwa.

Pombe. Najua aya hii haitanipatia marafiki Iringa. Masika yakikolea, mianzi inakatwa, na ulanzi mtogwa unaletwa mezani kama maji ya matunda. Ni mtamu, ni wa asubuhi, mama mkwe kautuma, nani ataukataa? Ila ulanzi hauachi kuchacha kwa sababu umeuita mtogwa. Kila saa inayopita unapanda, na hakuna chupa yenye maandishi ya kukuambia umepanda kiasi gani. Komoni na kangala ni hivyohivyo. Kwa mtu aliyepona akiwa na ini zima, kiasi kidogo ni suala la kuzungumza na daktari wake. Kwa mwenye ini lililosinyaa hakuna kiasi. Anayeona haya kukataa kilabuni aseme yuko kwenye dozi. Huku kwetu neno hilo linaheshimiwa.

Na kangala, kama ugali, ni mahindi. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu, sumu inayosababisha saratani ya ini na ambayo haifi kwa kupikwa. Tabia ya kuchagua mahindi meupe kwa unga wa nyumbani na kuyapeleka yaliyooza kwenye pombe au kwa kuku imezoeleka. Sumu haipotei, inabadilisha chombo tu.

Halafu kuna dawa za "kusafisha ini". Zinauzwa sokoni, zinatangazwa redioni, zinapigiwa debe kwenye makundi ya simu. Ini halina uchafu wa kusafishwa. Lenyewe ndilo msafishaji, na kila mzizi usiojulikana kipimo chake ni kazi ya ziada unayolipa. Mizizi mingine hulidhuru waziwazi. Upande wa dawa za dukani, mwenye ini lililosinyaa aogope diklofenaki na ibuprofeni, zinazoweza kutoboa tumbo na kuzimisha figo, kuliko anavyoogopa paracetamoli. Hii, isipozidi gramu mbili kwa siku, yaani vidonge vinne vya miligramu 500, kwa kawaida ndiyo salama zaidi.

Kuna habari njema kutoka Mbozi. Tafiti nyingi zimeona kwamba wanywaji wa kahawa hupata kusinyaa kwa ini na saratani ya ini kwa uchache kuliko wasiokunywa. Si dawa, na hakuna anayeweza kuapa kwamba ni kahawa yenyewe inayofanya kazi. Lakini inachekesha kuona watu wanaoilima wakiiuza yote kisha wakanywa chai ya Tukuyu.

Kupona hakuachi kinga. Mtu anaweza kuambukizwa tena wiki moja baada ya kutangazwa mzima, akichangia sindano, wembe au vifaa vya kuchora mwili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulifuatilia watu 21,790 waliopona huko British Columbia nchini Kanada, Uskoti na Uingereza, ukakuta bado walikuwa wakifa mara 3 hadi 14 zaidi ya watu wengine wa umri wao, kutegemea ini lao lilivyokuwa. Waliofia ini walikuwa wengi. Wengi pia walikufa kwa dawa za kulevya. Vidonge havimgusi mtu mahali hapo. Ndiyo maana anayejidunga anahitaji kliniki ya methadoni, dawa ya kumwachisha heroini, na Mbeya ipo, sambamba na kliniki ya ini.

Fundi wetu, mwenye ile APRI ya 2.2, ana kazi ya kukumbuka tarehe mbili kwa mwaka. Mimi ningemwambia asizibebe kichwani. Picha ya kwanza apige Novemba, mvua za kwanza zinapowatoa watu na majembe. Ya pili apige Mei, mahindi yakianza kukauka. Ile karatasi ya siku ya kwanza, yenye AST na chembe sahani za kabla ya tiba, apige nakala tatu: moja ikae kwenye bahasha ya kaki pamoja na hati ya kiwanja, moja kwa mkewe, na moja aende nayo kila mara, kwa sababu daktari atakayemkuta mwakani huenda akawa mwingine, na kitu cha kwanza atakachoona kwenye faili ni maneno "virusi havionekani".